Jibu: Kwa nini utosi wa mtoto mchanga hudunda?

Ndugu, umeuliza kwa nini utosi wa mwanao wa miezi minne unadunda, na kama kuna mfupa uliokosekana hapo. Hakuna uliokosekana. Fuvu la binadamu lina mifupa 22, yaani 8 inayouzunguka ubongo na 14 ya uso, lakini mtoto anapozaliwa mifupa ya juu huwa bado haijakutana. Kati yake kuna utando imara, na pale pembe za mifupa zinapokaribiana utando huo hupanuka na kuwa utosi. Kinachodunda ni mapigo ya damu yanayopita chini yake.

Mifupa ya paa la fuvu huota moja kwa moja ndani ya utando, ikianzia katikati na kusambaa kuelekea kingoni, ilhali sehemu kubwa ya kitako cha fuvu huanza kama gegedu, yaani tishu imara inayopindika kama ya sikio, ndipo ikageuka mfupa. Mpangilio huu, ambao kwangu ni wa kustaajabisha kweli, huiruhusu mifupa kupandiana kidogo wakati wa kuzaliwa, kisha huupa ubongo nafasi ya kukua. Utosi wa nyuma hufunga mapema, kwa kawaida ndani ya miezi 3. Wa mbele mara nyingi hufunga kati ya miezi 12 na 24.

Mtoto akiwa ameketishwa na ametulia, utosi huwa bapa au umebonyea kidogo tu. Ukidumbukia sana huku midomo ikiwa mikavu, au ukivimba na kukaza ilhali halii, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.