Mama habani mkojo: ni uzee au mishipa ya fahamu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72. Akibanwa na mkojo hawezi kusubiri, na mara nyingine humtoka kabla hajafika chooni. Usiku huamka mara tatu. Amepimwa, hana maambukizi. Je, ni uzee tu au mishipa ya fahamu ina hitilafu?

JIBU: Marahaba. Umri unachangia, lakini neno “tu” silikubali, kwa sababu hali hii ina tiba.

Kubana mkojo ni kazi ya ubongo kuliko ya kibofu. Kibofu kikijaa, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye shina la ubongo. Mtu mzima huanza kuhisi mkojo ukifika takriban mililita 150 hadi 250, na anaweza kuhimili hadi 400 au 500. Muda wote huo sehemu ya mbele ya ubongo inalizuia shina lisitoe amri ya kukojoa. Zuio likiondolewa, msuli wa kibofu hujikaza na mlango wake hulegea. Mtoto mchanga bado hana zuio hilo.

Uzeeni zuio hudhoofika, hasa kama shinikizo la damu au kisukari vimeathiri mishipa midogo ya damu ya ubongo. Kibofu hujikaza bila kuamriwa, na hisia huchelewa kufika. Mama anapohisi, muda umekwisha; si uzembe wake, tafadhali asikemewe. Huenda pia msuli huohuo hauna nguvu ya kutoa mkojo wote, kwa hiyo apimwe kiasi kinachobaki.

Kuamka usiku mara nyingi hutokana na figo: homoni inayopunguza mkojo usiku hushuka, na maji yaliyovimbisha miguu mchana hurudi kwenye damu akilala.

Msimnyime maji. Mkojo uliokolea huchokoza kibofu. Akibanwa ghafla asikimbie: asimame au aketi, akaze misuli anayotumia kukata mkojo, haraka haraka mara tano au sita. Kukaza huko hutuma ishara inayotuliza kibofu. Hisia ikipungua ndipo aende. Afanye hivyo kila siku kwa wiki kadhaa, na daktari wake apitie dawa anazotumia.

Akipata ganzi sehemu za siri, miguu ikilegea au mkojo ukigoma kabisa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.