Goti moja limevimba ghafla, na mama ana baridi yabisi

Pole sana, dada. Umeuliza kama goti la mama lililovimba tangu juzi ni baridi yabisi yake tu imeamka, na kama aongeze prednisoloni, dawa yake ya kutuliza uvimbe. Asiongeze. Mpelekeni hospitali leo hii, msingoje kliniki ya wiki ijayo.

Baridi yabisi ikiamka, mara nyingi hushika viungo kadhaa, vidole na vifundo vya mikono pande zote mbili. Goti moja likivimba peke yake, lina moto kuliko lenzake na halikunjiki, lichukuliwe kuwa lina usaha mpaka vipimo vikatae. Usaha hula gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache. Kukosa homa kusiwadanganye, prednisoloni huificha.

Mtajieni daktari dawa zote, ikiwemo methotreksati, dawa ya baridi yabisi inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili. Ulizeni kuhusu kuvuta maji ya goti kwa sindano kabla ya antibayotiki, maana dawa ikitangulia, maabara inaweza isiwaone bakteria. Methotreksati kwa kawaida husimamishwa kwa muda. Prednisoloni asiikate ghafla mwenyewe, presha inaweza kushuka vibaya. Na huyo jirani uliyesema anataka kulichua goti kwa maji ya moto, mshukuruni tu, goti asiliguse.