Risasi ya Kulungu: Tazama Kasi Inayofika Nayo, Si Inayotoka Nayo

Kulungu aliyepigwa vizuri haangushwi na kishindo. Anaangushwa na damu kuacha kufika kwenye ubongo. Mapafu yakipasuka, au mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo ikikatika, shinikizo la damu hushuka na fahamu humtoka upesi. Hata hivyo anaweza kukimbia mita 50, pengine 100, kabla miguu haijamwisha nguvu. Kwa hiyo kazi ya risasi ni kupenya hadi mapafuni, kuchanua humo, yaani kupanuka kama ua, kisha kutokea upande wa pili ikiwa imeacha njia pana ya damu. Isiyochanua hutoboa tundu jembamba, na mnyama hufa baada ya saa nyingi akiwa kichakani, asijulikane alipo. Inayochanua mapema mno hupasukia begani, nyama ikararuka na mapafu yakabaki mazima. Mateso ya namna zote mbili, mara nyingi, hutokana na kutojali kasi.

Kabla ya kuendelea: nikisema "kichwa" namaanisha kile kipande kinachoruka, si ganda, wala baruti, wala fataki.

Kila kichwa cha kuwindia kina kasi ya chini na ya juu ambayo kati yake kinachanua inavyotakiwa. Vichwa vya kawaida vya ncha laini, yaani madini ya risasi ndani na gamba la shaba nje, kwa jumla vinahitaji kufika kwa mnyama vikiwa na mita 550 kwa sekunde au zaidi. Vya shaba tupu ni vigumu zaidi, na vingi vinataka kama 610. Watengenezaji wazuri hutaja kiwango cha kila kichwa chao. Kitafute, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa ni kasi ya kwenye mdomo wa mtutu, na hapo hakuna kulungu.

Chukua aina ya risasi iitwayo .308 Winchester, yenye kichwa cha greni 150, ambazo ni gramu 9.7. Kwa risasi ya kawaida ya ncha laini inatoka na mita 860 hivi kwa sekunde. Ikifika mita 270 imebaki na kama 610, na ikifika mita 365 imeshuka chini ya 550. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye umbo kama hilo mwisho wake ni mita 270, hata kama bunduki inalenga vizuri hadi 400. Tena kasi za kwenye boksi mara nyingi hupimwa kwa mtutu wa sentimita 60. Mtutu wa sentimita 45 hupoteza mita 40 hadi 50 kwa sekunde, na hapo mwisho wako unarudi karibu na mita 220. Wengi hununua mtutu mfupi kwa ajili ya msituni na hawafanyi hesabu hii.

Upande wa juu nao una hatari yake. Kichwa chepesi chenye gamba jembamba, kikitoka kwenye bunduki ya kasi kubwa na kumpiga kulungu aliye umbali wa mita 40 kwenye mfupa wa bega, kinaweza kusambaratika kabla ya kupita mbavu. Kama unawinda kwa karibu na bunduki yako ina nguvu nyingi, tumia kichwa ambacho gamba lake limeunganishwa na kiini visiachane, au chenye ukuta wa shaba katikati kama Nosler Partition, ambayo sehemu ya mbele huchanua na ya nyuma huendelea kusukuma. Shaba tupu nayo inafaa sana hapa.

Viko vichwa vya kuacha kabisa. Vya kijeshi, vilivyofunikwa gamba zima hadi nchani, havikutengenezwa vichanue. Azimio la The Hague la 1899 lilikataza risasi za kuchanua vitani, na kwa kulungu mambo ni kinyume: Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Kulungu ya 1991 inataka kichwa cha ncha laini au chenye tundu nchani. Soma sheria ya mahali unapowinda, maana nyingi hutaja pia kaliba (kipenyo cha kichwa) ya chini au nguvu ya chini. Vichwa vya mashindano ya shabaha huwapotosha watu kwa kile kitundu kidogo kwenye ncha. Kitundu kile kimebaki tu kutokana na namna gamba lilivyofinyangwa, na mara hii kichwa hupita kama sindano, mara nyingine hupasuka vipande. Vya kuulia wanyama wadogo waharibifu navyo vimetengenezwa vilipuke juu juu. Kwa kulungu huo ni ukatili.

Kuhusu uzito, usijisumbue sana. Kwa kulungu wa wastani, .243 inafaa na greni 90 hadi 100, 6.5 Creedmoor na 120 hadi 140, .270 na 130, na .308 na 150 au 165. Mnyama akiwa mkubwa zaidi, panda uzito kidogo na uchague kichwa kisichopoteza uzito wake njiani. Kichwa kizuri kwenye kaliba ya wastani, ukikiweka mahali pake, kitakufaa kuliko bunduki ya teke kubwa inayokufanya ufumbe macho unapovuta kifyatuo.

Shaba inahitaji maelezo zaidi kwa sababu wengi wanahamia huko, na wana sababu. Kichwa cha madini ya risasi huacha chembe ndogo ndani ya nyama, nyingine mbali na tundu kuliko jicho linavyoona, na ndege wanaokula mizoga hupata sumu kwenye matumbo yaliyoachwa porini. California ilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 1, 2019, na tai mkubwa aitwaye kondori alikuwa sababu kubwa ya hatua hiyo. Ila shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu kinataka mtutu wenye mifereji inayozunguka kwa haraka zaidi ili kisiyumbe. Dawa ni kushuka ngazi moja: uliyezoea greni 150 jaribu 130, na kasi itapanda, jambo ambalo shaba inalipenda. Matundu kwenye karatasi yakiwa ya mviringo, sawa. Yakiwa marefu kama tundu la ufunguo, kichwa kinaruka ubavu, na hakuna kulungu wa kupigwa nacho. Safisha mtutu kabla ya kubadilisha aina, kisha rekebisha darubini upya. Usidhani kitapiga palepale.

Ukishachagua, nunua maboksi kadhaa ya toleo moja. Piga risasi tano kwenye karatasi kutoka mita 100, ukiacha mtutu upoe katikati, na uitilie maanani zaidi ile ya kwanza ya mtutu baridi, kwa kuwa ndiyo utakayompiga nayo mnyama. Kwa .308 na kaliba za jamii yake, weka darubini risasi ipige sentimita 4 juu ya shabaha kwenye mita 100. Hadi karibu mita 200 haitaachana na ulipolenga kwa zaidi ya sentimita 5 au 6. Kisha ondoka mezani, piga ukiwa umepiga goti au umeegemea fimbo. Umbali ambao risasi zote zinaingia kwenye kisosi cha chai ndio umbali wako. Kama ni mita 120, basi ni 120.

Lenga mnyama akiwa amesimama ubavu, nyuma tu ya bega, theluthi moja ya kifua kutoka chini. Kwa kuwa risasi nzuri hutokea upande wa pili, lazima nyuma yake kuwe na udongo, na kusiwe na kulungu mwingine.

Baada ya mlio, usikimbilie. Weka alama aliposimama na uchunguze majani. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu na viputo vidogo ni ya mapafu, na ukingoja dakika 15 utamkuta hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ya ini. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu ya majani yaliyotafunwa, umepiga tumbo: rudi nyuma kimya na ungoje saa kadhaa, ukimfuata mapema atainuka na kwenda mbali.

Wakati wa kuchuna, fuata njia ya risasi kwa kidole. Wakati mwingine kichwa hukutwa kimekwama chini ya ngozi ya upande wa pili, kama kifundo kigumu. Kioshe, ukipime. Cha shaba kilichofanya kazi kina petali nne au zaidi zilizokunjika nyuma na karibu uzito wake wote. Cha ncha laini kimepanuka karibu mara mbili ya kaliba na kimepoteza sehemu ya uzito. Kikiwa hakijafunguka, ulipiga mbali mno kwa kichwa hicho. Kikiwa ni gamba tupu lililochanika, kilifika na kasi kuliko kinavyoweza kubeba. Andika umbali, mahali kilipopita na uzito uliobaki, kabla hujanunua boksi jingine.