Usimlipe muuzaji wa mashine ya maji kabla hujapima kisima

Ndugu wa Kampemba, usimpe bwana huyo hata dola moja. Unauliza kama ununue mashine yake ya kuchuja maji, kwa kuwa alitumbukiza kifaa chake katika glasi ya maji ya kisima chako yakageuka matope mbele ya mke wako. Onyesho hilo nililiona sebuleni mwangu, hapa hapa Lubumbashi, na karo ya watoto ndiyo iliyoilipia mashine.

Kifaa kile kina vijiti vya chuma na vya alumini. Kikichomekwa kwenye umeme, mkondo hupita katika maji kwa msaada wa chumvi za asili zilizoyeyuka humo, nacho chuma huanza kulika; kutu inayotoka ndiyo unayoiona ikielea, kwanza ya kijani, kisha ya kahawia, hatimaye ikituama chini ya glasi. Maji ya mashine yake yamekwisha kuondolewa sehemu kubwa ya chumvi hizo, hayapitishi umeme wa kutosha, kwa hiyo hubaki maangavu. Uchafu ule haukutoka kisimani mwako bali katika vijiti vyake. Akirudi, mwombe atie chumvi ya jikoni kidogo katika glasi yake iliyo safi, kisha arudie jaribio. Utaiona nayo ikichafuka, na utamsikia akikumbuka ghafla kwamba kuna mteja anamsubiri Katuba.

Mimi sikumwomba, kwa sababu muuzaji wangu alivaa koti jeupe na kuzungumza Kifaransa cha daktari, na aliyekwenda shule hadi akajua kutumia umaskini wa elimu ya wenzake namna ile simsamehei upesi. Mashine yenyewe huchuja kwa utando mwembamba unaohitaji umeme na msukumo wa maji, na kwa kila lita ya kunywa humwaga nyingine kadhaa. SNEL, shirika letu la umeme, ilipokata umeme tulirudia ndoo. Isitoshe, maji yangu ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, na ukoko huo huo uliuziba utando kabla mvua hazijarudi. Leo mashine imewekwa juu ya kabati, na mgeni akiuliza anaambiwa ni redio ya kisasa.

Nilipopeleka maji maabara, majibu yalionyesha kwamba metali zilizopimwa hazikuvuka viwango, lakini E. coli, kijidudu cha kinyesi, alikuwamo, naye Shirika la Afya Duniani linataka asipatikane kabisa katika mililita 100. Choo cha jirani kiko nyuma tu ya ukuta wetu. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa klorini ya bei ndogo, au kuni za kuchemshia.

Usikimbilie klorini kwa sababu mimi nimeitaja. Mji wetu ni wa shaba na kobalti, na utafiti uliotolewa mwaka 2009, ambao watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, waliufanya pamoja, ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini. Metali ya risasi, na nitrati inayotoka vyooni na kwenye mbolea, haziondolewi na klorini, na kuchemsha huzizidisha, kwa kuwa maji hupungua nazo hubaki. Hata ile kalamu ndogo yenye tarakimu, ya kutumbukiza majini, hupima jumla ya chumvi tu, haioni kijidudu. Ndiyo maana nasema, na nitazidi kusema: pima kwanza, tena anayepima asiwe yule anayeuza.

Chupa ya kupimia vijidudu uichukue maabara ikiwa imetakaswa. Usiisuuze, usiguse ndani ya kifuniko chake, uiweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya muda wa saa sita tangu uchote maji. Chupa ya metali ni nyingine. Omba wapime E. coli, nitrati, risasi, kobalti, manganizi na ugumu wa maji, kisha urudie upimaji mvua zikikolea, kwa maana wakati huo maji ya ardhini hupanda na kukutana na ya vyoo. Ukipata karatasi ya majibu, andika hapa tarakimu zote pamoja na vizio vyake vya kupimia, tuzisome kabla bwana huyo hajarudi na glasi zake.