Huo muda ni wa nani?

Wiki hii mmeuliza: "Wewe unayefanya kazi huku ukisomea CPA, unaupangaje muda wako?" Swali limenichoma, hasa hilo neno "wako". Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, naishi Likoni, ng'ambo ya feri, na niko ngazi ya kati ya CPA, mitihani ya uhasibu ya bodi ya KASNEB. Kila mwezi, kufikia tarehe 9 kodi ya mishahara iwe imelipwa. Kufikia tarehe 20 ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iwe imeingia. Baina yake kuna wateja, na asubuhi na jioni kuna feri. Anayenishauri nichore ratiba nibandike ukutani hajasimama na umati wa Likoni saa 12 jioni.

Kwenye feri nilijaribu. Kuvuka ni dakika chache, kungoja ndiko kurefu, nikawa nabeba vikaratasi vya kanuni. Vilinisaidia kukariri, lakini hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu iliyo chini yake hazifanyiki umesimama, mkono mmoja umeshika mkoba.

Muda wa kweli niliupata jikoni kwa khala, dada wa mama, ninayeishi naye. Khala huuza mahamri na mbaazi, na huamka saa 9 usiku. Unga anakuwa ameukanda tangu usiku. Alfajiri anakata madonge, anayaacha yaumuke tena kidogo, kisha kusukuma na kukaanga. Sheria yake ilikuwa moja: madonge yakiumuka, soma, karai likishika moto, funga daftari uje usukume. Karatasi ya mtihani huchukua muda wa saa 3, ina maswali 5 ya alama 20, kwa hivyo swali moja lina dakika 36. Nikawa nafanya swali moja la mitihani iliyopita kila alfajiri, simu ikinihesabia.

Alfajiri moja ya Julai nilianza swali la kampuni tanzu iliyonunuliwa katikati ya mwaka. Hilo ndilo lililokuwa likinishinda: faida ya kabla ya kununuliwa unaitenga vipi, na ile faida iliyojificha ndani ya bidhaa ambazo tanzu imemuuzia mama na bado ziko ghalani unaitoa wapi. Dakika ya 10 nikasikia mafuta yanalia. Sikuitwa. Dakika ya 20 harufu ya iliki imejaa nyumba nzima, bado sikuitwa, nami nikaendelea. Kwa mara ya kwanza mizania ililingana pande zote mbili, zimebaki dakika 4. Nikainua kichwa kwa furaha, nikamwona khala anasukuma kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameutia kwenye bakuli la maji. Mafuta yalikuwa yamemrukia.

"Khala, mbona hukuniita?"

"Nilikuona waandika mbio mbio, mwanangu. Nikajua leo umeipata."

Siku ile mahamri yalitoka machache na yakachelewa. Wafanyakazi wawili wanaowahi feri ya kwanza, wateja wake wa kila siku, wakanunua kwengine. Mapato ya khala nayajua, maana namwandikia mimi. Ile mizania iliyolingana ilikuwa na upande wa tatu ambao sikuuandika popote.

Agosti nilifanya karatasi 3. Ya taarifa za fedha nikapita, ya ukaguzi wa hesabu nikapita. Ya kodi, kazi ninayoifanya kila mwezi, sikufika alama 50 za kufaulu. Sikuipa hata alfajiri moja kwa kudhani naijua. Kazini mfumo wa kodi wa mtandaoni, iTax, unanifanyia sehemu kubwa ya hesabu. Mtihanini unakokotoa mwenyewe punguzo la uchakavu wa mitambo, na unaeleza sababu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ratiba ni mambo ya wenye nafasi zao. Nikiyasoma haya naona zile dakika 36 zilikuwa ratiba hasa, na kwenye kodi niliangushwa kwa kutokuwa nayo. Basi nakubali, panga. Ila kwanza jua muda huo unauchukua kwa nani, na umwambie mapema, asije akaulipa kimya kimya. Na punguza karatasi unazofanya kwa msimu mmoja. Tangu 2021 mitihani iko Aprili, Agosti na Desemba, si Mei na Novemba tu kama zamani, kwa hivyo ukiiacha moja hungoji nusu mwaka. Wapo ambao mwajiri amewawekea masharti, hao hawana hiari ya kupunguza. Na mwenye mtoto mchanga sina la kumwambia, sijayapitia.

Desemba hii nimejiandikisha karatasi moja, ya kodi. Nimemwambia khala nitamlipa binti wa jirani asukume badala yangu Jumanne na Alhamisi. Amemkataa, asema jikoni kwake hapaingii mtu wa kulipwa. Bado tunavutana.