Kaka amerudi kutoka Kongo, hataki kumpakata mwanawe: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, pole sana. Umesema kaka yako alirudi Dodoma kutoka ulinzi wa amani Kongo, dawa za usingizi zinamlaza vizuri, lakini mtoto hamshiki na kanisani hakanyagi, anasema hastahili. Huo si woga. Mwenye woga hushtuka mlango ukibamizwa. Mwenye jeraha la dhamiri hujiona hafai kukaa na watu, kwa alichotenda, alichoshindwa kukizuia, au usaliti wa wakubwa wake. Usaliti huo ndio Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani, aliuona kwa askari waliotoka Vietnam. Mwaka 2009 mwanasaikolojia wa Marekani Brett Litz na wenzake wakaongeza yale askari aliyoyafanya kwa mkono wake.

Nyumbani acheni kumwambia "si kosa lako, ilikuwa amri". Mnadhani mnamfariji, kumbe mnamfunga mdomo. Aseme mpaka amalize, kisha mwambie: "Nimekusikia, kaka, na bado niko na wewe."

Mpeleke Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapo Dodoma, na uombe mwanasaikolojia, si dawa pekee. Sertralini, dawa ya sonona, yaweza kupunguza kushtuka na huzuni, hatia haiondoi. Uliza kama kuna anayeijua tiba ya Litz: vikao vinane, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Anasimulia tukio lenyewe, macho kafumba, kana kwamba linatokea sasa. Kisha, akilini, anaketi mbele ya mtu anayemheshimu na ambaye hawezi kumtupa, labda babu yake, anakiri yote, halafu anatamka kwa sauti majibu ya babu. Uchaguzi wa mtu huyo ndio roho ya tiba: akichagua mkali wa kulaani, anatoka na hukumu mpya. Kosa lingine ni kumrudisha kwenye masimulizi kila wiki bila hatua hiyo. Kurudia hupunguza hofu, lakini aliyetenda kweli anaweza kubaki anajihukumu tu. Mwishoni hupangwa fidia, ndogo na ya kudumu, inayofanana na alichoharibu. Msimharakishe kutubu hadharani, hata mchungaji akisisitiza.

Kabla ya yote hayo, leo hii: dawa ya kupulizia zabibu, maana ni sumu, itoke nyumbani, vidonge vya usingizi vikae kwako, umpe cha usiku mmoja mmoja. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake hata chooni, nendeni hospitali usiku huohuo.