Kula mgahawani ukiwa na siliaki: ulizia jikoni, usiishie kwenye menyu

Kama una ugonjwa wa siliaki na unaishi mjini, au umefika tu kwenye mji usioujua, basi unajua inavyokuwa marafiki wakisema twendeni tukale sehemu. Wenzako wanawaza watakula nini, we unawaza kitapikwa wapi na kwa chombo gani. Mi nina hii hali miaka mingi sasa na bado nakula nje, tena napenda sana kula nje, na nimeona niandike ninavyofanya kwa sababu nakutana na watu wengi waliogundulika juzijuzi tu wakaamua kujifungia nyumbani moja kwa moja, hawaendi sherehe, hawaendi popote, na inaniuma kwa kweli maana si lazima iwe hivyo.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, ukiuelewa ndo utajua kwa nini tunawasumbua watu wa mgahawa. Siliaki siyo aleji ya kawaida, na siyo dayati ya kupunguza mwili. Ukila gluteni, ile protini iliyoko kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), kinga yako ya mwili inaugeukia utumbo mwembamba na kuushambulia, vile vijinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinaharibika na kuwa bapa, matokeo yake unakula lakini mwili haufaidi. Ndo hapo unaona damu imepungua, uchovu hauishi, tumbo linajaa gesi, unaharisha, wengine mifupa inadhoofika, wengine wanatoka vipele vinavyowasha vibaya. Inakadiriwa ni kama mtu 1 kati ya 100 duniani na wengi hawajijui. Dawa ya kuuponya hakuna, ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Halafu kiasi chenyewe kinachodhuru ni kidogo ajabu. Slaisi moja ya mkate ina kama gramu 2 za gluteni, au zaidi. Watafiti walishaona kwamba miligramu 50 kwa siku, ukizila mfululizo kwa miezi kadhaa, zinatosha kuuharibu utumbo, na wengi wanachukulia usalama ni kubaki chini ya miligramu 10 kwa siku. Piga hesabu: chukua ile slaisi, igawe vipande 200, kimoja tu ndo kikomo chako cha siku nzima. Sasa fikiria chenga zinazobaki kwenye ubao wa kukatia mkate baada ya mtu kupangusa haraka na kitambaa kikavu.

Ndo maana lile swali la "mna chakula kisicho na gluteni?" halitoshi. Jibu lake linatoka kwenye menyu, na menyu inakwambia kilichowekwa kwenye chakula, haikwambii kilichokigusa chakula. Unachotakiwa kukijua ni jikoni kukoje.

Kuna siku nilikaa kwenye mgahawa mmoja ambao jiko lao liko wazi, ukiwa kaunta unaona kila kitu. Kwenye menyu nyama ya kuchoma na mboga ilikuwa na alama kabisa kwamba haina gluteni. Nikawa namwangalia mpishi. Anapasha mikate ya baga juu ya lile bamba la chuma, akimaliza anaisukuma pembeni, chenga zinabaki palepale zinakuwa za kahawia, halafu anaweka nyama juu yake na kuigeuza kwa mwiko uleule. Nyama haina gluteni, viungo havina, menyu haijasema uongo, lakini sahani ile haikunifaa. Nikamwita mhudumu nikamweleza kwa upole, nikaomba yangu ikaangwe peke yake kwenye kikaango kilichooshwa. Akaenda, akarudi akasema mpishi kakubali, na nikamwona mpishi anachukua kikaango, anakisugua kwa sabuni, anakisuuza, anachukua koleo jingine. Nililipa na kushukuru, na mpaka leo pale narudi. Alama ya kwenye menyu isingenifanya nirudi, ila kile kikaango kilichooshwa ndo kimenirudisha.

Kwa hiyo mambo ninayoulizia ni haya. Mafuta ya kukaangia ndo ya kwanza kabisa, kwa sababu chips ni viazi tu na kila mtu atakuapia hazina shida, lakini kama mashine ileile inakaanga kuku waliopakwa unga wa ngano basi ule unga unabaki kwenye mafuta na kuingia kwenye viazi, na usikubali mtu akwambie moto unaua gluteni, haiuwawi na moto, siyo mdudu hiyo. Pili ni maji ya kuchemshia tambi, unakuta tambi zisizo na ngano zimepikwa kwenye maji yaliyopikiwa za ngano au zimemwagwa kwenye chujio lilelile. Tatu michuzi na supu nzito, nyingi huzitishwa kwa unga. Soya sosi ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, na hiyo inajificha sana kwenye nyama iliyolowekwa viungo tangu jana, mpishi mwenyewe anaweza akasahau kuitaja kwa sababu kwake nyama ni nyama. Soseji na mipira ya nyama mara nyingi huchanganywa na chenga za mkate. Siki ya kimea inatokana na shayiri, bia ya kawaida vilevile. Na hii inawashangaza wengi, kuna migahawa inaongeza rojo la unga kwenye mayai ya kukaanga ili yavimbe vizuri, kwa hiyo hata mayai uliza.

Saladi ikija na vile vipande vya mkate mkavu juu usivitoe kwa uma ukala, rudisha, na omba watengeneze nyingine kwenye bakuli jingine, maana wengine wakipelekewa sahani wanaenda tu kuokota ule mkate na kukurudishia ileile. Mi huwa nasema kabisa tangu mwanzo, "naomba isiguswe na mkate, na ikitokea bahati mbaya mkate umewekwa naomba itengenezwe upya, kutoa haitasaidia."

Bufee naziepuka. Hata kama kila chombo kina karatasi ya kueleza kilichomo, vijiko vinatembea, mtu anachota tambi anadondosha kwenye wali, hakuna wa kumlaumu. Kama ni mkutano au harusi na huna ujanja, mtafute msimamizi wa chakula mapema umwombe akutolee sahani jikoni kabla bufee haijafunguliwa, wengi wanakubali bila shida. Sehemu zinazooka mikate na keki humohumo nazo ni ngumu, unga wa ngano unaelea hewani na kutua kila mahali. Pizza isiyo na ngano inayotandazwa kwenye meza ileile ya unga na kuingia oveni ileile, kwangu hapana.

Sasa namna ya kuongea, na hapa ndo wengi wanakwama kwa aibu. Piga simu kabla, na upige ule muda ambao hawana wateja wengi, baada ya chakula cha mchana kabla ya cha jioni, uombe kuongea na mpishi au meneja. Ukifika jitambulishe tena. Mi sentensi yangu ni hii: "Nina ugonjwa wa siliaki, siwezi kula ngano, shayiri wala rai, hata chenga kidogo inaniumiza, mnaweza kunipikia kwenye vyombo visafi?" Taja vitu vyenyewe, usitegemee kila mtu anaijua gluteni. Kama umesafiri kwenda nchi ambayo huongei lugha yao beba kikadi kilichoandikwa hayo maneno kwa lugha yao, pamoja na mafuta, ubao, visu na vyombo, ukabidhi kipelekwe jikoni kikasomwe huko na anayepika.

Kisha msikilize mhudumu anavyojibu. Anayekujibu fasta "hamna shida, kila kitu ni salama" bila kuuliza chochote mi huwa simwamini. Anayesema "ngoja nikaulize" huyo ndo wangu. Dada mmoja alienda jikoni akarudi na chupa yenyewe ya sosi mkononi, akaigeuza upande wa maandishi madogo na kunionesha, akasema mimi sijui haya majina, soma mwenyewe. Nikasoma, ngano ilikuwemo, akaenda akamwambia mpishi aache ile sosi atumie limau na chumvi. Mtu kama huyo hata asipojua siliaki ni nini atakulinda. Na yule atakayekwambia kidogo hakidhuru, nyanyuka tu, kwa heshima, agiza soda au maji, ukale kwingine. Kuondoka mezani siyo dharau kwa mtu.

Sahani ikifika uliza mara ya mwisho, "hii ndo ile ya siliaki?" kwa sababu jikoni pakiwa na fujo sahani hubadilishana.

Kisheria nchi zimetofautiana. Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 migahawa inatakiwa kukupa taarifa za vizio 14, yaani vitu vinavyoletea watu aleji, nafaka zenye gluteni zikiwemo, na chakula kuitwa hakina gluteni kinatakiwa kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, iliweka kikomo hichohicho mwaka 2013 kwa vyakula vya paketi. Zitumie hizo haki pale zilipo, ila kumbuka karatasi ya vizio inaorodhesha viambato, habari za lile koleo bado utaulizia wewe.

Kuhusu marafiki, ushauri wangu ni kwamba sehemu ichague wewe. Usisubiri waamue halafu uanze kuhangaika, wahi kusema kuna sehemu naijua, nimeshaongea nao, twendeni. Wengi watafurahi kupunguziwa kazi ya kuchagua. Na kama sehemu imeshapangwa na haifai, kula nyumbani kwanza uende ukae na watu wako upige stori, hilo nalo ni sawa kabisa. Kwenye maoni ya mtandaoni tafuta yaliyoandikwa na wagonjwa wa siliaki wenyewe, maana anayeacha ngano kwa hiari anaweza kusifia sehemu ambayo we itakulaza.

Kuna vidonge vya vimeng'enya vinauzwa eti vinameng'enya gluteni, usivitumie kama ruhusa ya kula ngano, havikulindi. Na kama unasoma hapa kwa sababu unahisi tu una siliaki, tafadhali usiache ngano kabla ya kupimwa, kipimo cha damu kinatafuta antibodi, zile protini za kinga ambazo mwili unazitengeneza ukiwa bado unaila gluteni, ukiacha mapema majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

Ikitokea umekula kitu kikakudhuru, kunywa maji, pumzika, na siku hiyohiyo andika kwenye simu ulikula wapi, uliagiza nini, uliuliza nini na walijibu nini. Wapigie uwaeleze bila ugomvi, wengine hawajui kabisa kwamba karai lao lina tatizo. Wapo pia wasiosikia chochote wakila, na utumbo unaendelea kuharibika kimyakimya, kwa hiyo kutoumwa tumbo kusikufanye uamini sahani ilikuwa salama. Nenda kwenye vipimo vya damu kama daktari alivyokupangia, na kama antibodi hazishuki wakati nyumbani uko makini, mpelekee ile orodha ya sehemu unazokula muipitie pamoja, moja baada ya nyingine.